Kinaya

Kinaya ni hali ambapo jambo linalosemwa, linalokusudiwa au linalotarajiwa linageuka na kuwa kinyume chake. Mtu anayemwambia mwenzake aliyechelewa saa mbili, "Leo umewahi kweli," anatumia kinaya cha maneno. Ngome iliyojengwa ili kuulinda mji, kisha ikawa ndiyo iliyompa adui shabaha, ni kinaya cha hali. Mtazamaji wa tamthilia anayeijua hatari ambayo mhusika haioni anashuhudia kinaya cha kitamthilia.

Ni neno linalotumika vibaya mara nyingi, darasani na nje ya darasa. Wako wanaoita kinaya kila maneno ya kumchoma mtu, wako wanaoita hivyo kila ajali, na wako wanaolitumia kwa mambo mawili yaliyotukia karibu karibu bila uhusiano wowote. Makala hii inaeleza maana ya neno, sababu za mkanganyiko huo, na namna ya kutofautisha kinaya na mambo yanayofanana nacho. Mifano mingi imetoka Iringa na Mbeya, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako historia imeacha visa vya kinaya vilivyo wazi kuliko vingi vya kubuni.

Asili ya neno

Sehemu ya tatizo imo katika maneno yenyewe. Katika elimu ya balagha ya Kiarabu, kinaya ni kusema jambo kwa kuzunguka. Mfano unaotolewa siku zote ni wa kumwita mtu "mwenye majivu mengi": majivu ni mengi kwa sababu moto hauzimiki, moto hauzimiki kwa sababu anapika sana, anapika sana kwa sababu wageni hawaishi kwake, basi mtu huyo ni mkarimu. Hapo hakuna kinyume chochote. Kuna njia ndefu tu ya kufikia maana.

Katika Kiswahili cha zamani neno kinaya lilikuwa na maana nyingine, iliyo karibu na kitenzi kukinai: hali ya mtu kujiona ametosheka, hamhitaji yeyote, na kwa hiyo ufidhuli. Maana ya kifasihi imekuja kukaa juu ya hizo mbili, na kamusi za fasihi za sasa, kama Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003), zimeizoesha.

Vitabu vingi vya shule vya Tanzania havitumii neno kinaya hata kidogo. Vinatumia shtihizai, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni kudhihaki, na huliweka katika orodha ya tamathali za semi pamoja na kejeli, dhihaka na tafsida. Mwanafunzi anayejifunza hivyo hujua kwamba ni namna ya kusema, na hutegemea kukuta dhihaka ndani yake. Akikutana na tukio lililojigeuza lenyewe bila mtu kusema neno, hana jina la kuliita. Kenya mambo yamekwenda upande mwingine: kinaya hufundishwa kama mbinu ya uandishi, na hufafanuliwa kwa upana kuwa ni mambo kwenda kinyume na matarajio. Huko mwanafunzi huliona kila mahali, maana riwaya isiyo na jambo lisilotarajiwa haisomeki.

Wazo lenyewe lilipewa jina na Wagiriki wa kale. Katika vichekesho vyao alikuwapo mhusika aliyejifanya mjinga mbele ya mwenye majivuno, na kwa kujifanya hivyo akamshinda. Tabia hiyo iliitwa eironeia. Sokrates alituhumiwa kuwa nayo, kwa kuwa aliwauliza watu maswali kana kwamba hajui kitu mpaka wao wenyewe wakaonekana hawajui. Tangu mwanzo, basi, kinaya kilikuwa na tabaka mbili: inayoonekana na iliyofichwa, na mtu mmoja anayeiona ya pili wakati mwingine haioni.

Kinaya cha maneno

Kinaya cha maneno hutegemea msikilizaji kujua kwamba msemaji hamaanishi anachosema. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeifunika Mbeya na watu wamejikunyata kwa makoti, mtu akisema "Joto la leo halifai," hakuna anayedhani amesema uongo. Uongo huficha ukweli. Kinaya huuonyesha kwa mgongo. Msemaji asipoeleweka, kinaya kimeshindikana, ilhali mwongo asipogunduliwa ndipo anapofaulu.

Kejeli ni jambo jingine. Kejeli ni nia ya kumdhalilisha mtu, na nia hiyo inaweza kutumia kinaya au isikitumie. "Wewe mvivu, hata kuku wako wanakucheka" ni kejeli isiyo na kinaya, kwa sababu msemaji anamaanisha kila neno. "Joto la leo halifai" ni kinaya kisicho na kejeli, kwa sababu hakuna anayedhalilishwa ila hali ya hewa. Viwili hivi hukutana mara nyingi, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa kimoja.

Nani anaruhusiwa kumsemesha nani kwa kinaya ni suala la heshima. Kijana akiingia kwenye kikao cha harusi wakati kinafungwa, na mzee akamwambia, "Karibu mheshimiwa, tulikuwa tunakungoja wewe ndipo tuanze," kijana ataamkia, ataomba radhi na kukaa. Maneno yaleyale yakitoka kwa kijana kwenda kwa mzee hayawi kinaya tena masikioni mwa waliohudhuria. Yanakuwa ufidhuli, yaani ile maana ya zamani ya neno hili.

Uhuru mpana zaidi umo katika utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaweza kufika msibani na kumsema marehemu kwa ubahili wake mbele ya wafiwa, au kulalamika kwamba amekufa makusudi ili asilipe deni, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Kila mmoja pale anajua kwamba aliyesema hivyo ndiye atakayeshika jembe la kuchimba kaburi. Mgeni asiyeujua utani husikia matusi. Hakuna kilichobadilika katika maneno. Kilichokosekana ni ujuzi wa msikilizaji.

Katika maandishi, mfano unaojulikana zaidi Tanzania ni hotuba ya Antonio katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Antonio anawasifu waliomuua Kaizari, tena na tena, kwa sifa ileile ya uungwana. Sifa haibadiliki, lakini kila inaporudiwa umati unaisikia kwa maana iliyo mbali zaidi na ya awali, hadi mwisho inakuwa mashtaka.

Kinaya cha hali: Kalenga

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa sasa wa Iringa, Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo. Kikosi kilikuwa na bunduki na mizinga. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Walijificha vichakani, wakatokea ghafla, na kwa muda mfupi Zelewski, wengi wa Wazungu wenzake na mamia ya askari waliuawa. Kwamba aliyeitwa Nyundo alipigwa ni mchezo wa jina tu, na ni vyema kuuacha hapo. Kinaya kikubwa kilifuata baadaye.

Mtwa Mkwawa alikuwa na makao yake Kalenga, yaliyozungushiwa ukuta mrefu wa mawe. Ukuta ule ulikuwa alama ya nguvu ya Uhehe. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, wakiongozwa na gavana Friedrich von Schele, wakaupiga kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba wakaingia. Kilichowashinda Wajerumani kule Lugalo ni kwamba hawakuona pa kulenga. Ukuta uliwapa pa kulenga. Haukimbii, haujifichi, na mzinga unaweza kuwekwa mbali nao na kuupiga kwa utulivu. Jina la Tosamaganga, kilima kilicho karibu, husimuliwa kuwa linatokana na mawe au mizinga iliyorushwa kutoka huko.

Baada ya kupoteza ngome, Mkwawa alirudi porini na kupigana kwa njia ya Lugalo. Akiwa hana mji, hana ukuta wala hazina, aliwasumbua Wajerumani karibu miaka 4, muda ambao ngome yake haikuweza kumpa.

Kuna tabaka jingine. Neno Iringa linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Wajerumani walipojenga boma lao jipya, kilomita chache kutoka Kalenga, jina hilo lilikwenda nalo. Waliobomoa ngome ya Wahehe wakakaa katika mji unaoitwa Ngome, kwa lugha ya Wahehe.

Kisa cha fuvu ni cha aina hiyohiyo. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mtawala anayefanya hivyo hukusudia kumfuta adui: asiwe na kaburi kamili, asiwe na mahali pa kukusanyia watu. Matokeo yake, kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza kati ya Ujerumani na washindi wake, kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Watawala wengi wa Afrika Mashariki waliozikwa vizuri hawatajwi katika mkataba wowote wa Ulaya. Lililochukuliwa ili asahauliwe ndilo lililomwandika. Fuvu lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na gavana Mwingereza, Edward Twining, na limehifadhiwa katika makumbusho huko. Wapo wanaotilia shaka kwamba ndilo lenyewe, kwa kuwa lilichaguliwa kutoka mkusanyo mkubwa wa mafuvu huko Bremen; shaka hiyo haipunguzi kinaya, labda inakiongeza.

Aliyekabidhiwa fuvu hilo ni mjukuu wa Mkwawa, Mtwa Adam Sapi Mkwawa. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge la Tanganyika, na mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria ya Bunge hilohilo. Hiki ni kinaya, lakini chembamba. Chifu ameketi juu ya kiti cha Spika wakati uchifu unaondolewa. Hata hivyo hakuna aliyemweka pale ili aulinde, wala yeye hakuingia Bungeni kwa ajili hiyo. Kinyume kipo machoni pa mtazamaji kuliko katika nia ya mhusika.

Kinaya cha kitamthilia

Aina hii huhitaji watu wawili wasiojua sawa. Katika Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sofokle, mfalme anaapa kumsaka muuaji, na watazamaji wanajua kwamba muuaji ni yeye. Katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, hadhira inajua kabla ya pazia kufunguliwa kwamba maji hayatazuia risasi. Vivyo hivyo, mtu wa Iringa anayekaa kutazama Mukwava wa Uhehe (1979) ya M. M. Mulokozi anaujua mwisho wa kisa tangu utotoni. Kila furaha ya ushindi jukwaani inamfikia ikiwa na kivuli ambacho wahusika hawakioni.

Mahali ambapo neno hukosewa

Njia rahisi ya kuona tofauti ni kuchukua tukio moja na kulibadilisha kidogo kidogo. Basi linaharibika katika mlima wa Kitonga, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa. Hiyo ni bahati mbaya, wala haiwi kinaya hata abiria mmoja akikosa mtihani wake. Sasa tuseme basi lile limejaa mafundi wa magari wanaokwenda kwenye semina. Hapo kinaya kinaanza kunusa, kwa sababu tulitegemea kundi hilo lisikwame, nao wamekwama kama wengine. Tuseme tena kwamba basi lilipelekwa gereji siku iliyopita kwa matengenezo ya ziada, mahususi ili lisiharibike Kitonga, na boliti iliyolegezwa na fundi gereji ndiyo iliyoanguka. Hicho ni kinaya kamili: mwenye basi alikusudia jambo, akapata kinyume chake, na njia aliyoitumia kulipata ndiyo iliyomkosesha. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Jambo kuwa tofauti na matarajio halitoshi. Mtu akitegemea mvua ya Machi ikaja ya Aprili amecheleweshewa, basi.

Sadfa pia hubandikwa jina hili. Fuvu la Mkwawa lilirudi tarehe 19 Juni 1954, na TANU ikazaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, siku 18 baadaye. Kukaribiana huko kunavutia, na mwandishi wa magazeti angeweza kukiita kinaya cha historia. Lakini hakuna tukio lililozaa jingine. Kama ingethibitishwa kwamba gavana alilirudisha fuvu ili kuwatuliza watu, na kwamba kurudi kwake ndiko kulikowaamsha, hapo jina lingestahili. Kwa tarehe peke yake, ni sadfa.

Ubishi huu haupo katika Kiswahili tu. Mwaka 1996 wimbo wa Alanis Morissette wa Kanada uliobeba jina la kinaya kwa Kiingereza ulizua mabishano ambayo hayajaisha, kwa sababu matukio mengi yanayotajwa ndani yake ni mikosi mitupu. Wengine wamesema kwamba wimbo wa kinaya usio na kinaya ni kinaya. Ni hoja ya kuchekesha, na ina ukweli kidogo.

Kosa jingine ni gumu zaidi kuliona. Kinaya hutegemea matarajio, na matarajio yanaweza kuwa ya mtazamaji asiyejua vya kutosha. Watu wengi hushangaa kusoma kwamba mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoenea kusini, viongozi wengi wa Wahehe hawakujiunga, na baadhi yao waliwasaidia Wajerumani. Washindi wa Lugalo! Mshangao huo ni wetu. Aliyezika ndugu zake mfululizo hadi 1898 aliijua bunduki ya Mjerumani kuliko yeyote, na uamuzi wake haukuwa kinyume cha aliyoyapitia. Sababu zikijulikana, kinaya hupungua, wakati mwingine hadi kuisha.

Kinaya na udumavu

Methali "Mfinyanzi hulia gaeni" ni kinaya cha hali kilichofupishwa kwa maneno matatu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, hufinyanga vyungu vinavyouzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema na kusafirishwa mbali. Methali inatazama nyumba ya mtu kama huyo, ambamo chungu kizima kimeuzwa na chakula kinaliwa kwenye kigae.

Nyanda za Juu Kusini zinalisha sehemu kubwa ya Tanzania kwa mahindi, viazi, maharage na maziwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoa wa Iringa ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha udumavu, yaani watoto wenye umri chini ya miaka 5 walio wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu: takriban 57 katika kila 100, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Mkoa wa pili ulikuwa Njombe, uliokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, wenye takriban 50.

Vyombo vya habari na viongozi huliita jambo hili kinaya, na safari hii neno limetumika sawasawa. Mtu hutegemea watoto wakue vizuri penye chakula kingi. Tena, wingi wenyewe una mkono katika upungufu. Shamba kubwa la mahindi huhitaji mikono, na mikono mingi ni ya mama, ambaye huondoka alfajiri na kumwachia mtoto uji mtupu au ugali wa jana mikononi mwa dada yake mdogo. Maharage, mayai na maziwa vinaingiza fedha, kwa hiyo vinakwenda sokoni. Tumbo la mtoto linajaa wanga kila siku, naye haonekani ana njaa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Magonjwa ya kuhara yanachukua kidogo kilichobaki.

Tatizo la kuishia kwenye neno kinaya ni kwamba katika masikio ya wengi limekaribiana na majaliwa, kama vile mambo yamejipinda yenyewe. Hapa hayakujipinda. Kila hatua ina mtu, saa na bei: nani anabaki na mtoto wakati wa palizi, yai linauzwa au linapondwa kwenye uji, baba anajua au hajui kwamba kimo cha mtoto hupimwa kliniki pamoja na uzito wake.